Kapu la Simu

Bi Subira Shaibu wa Mikindani alikuwa mtu wa ratiba. Asubuhi alifagia uwanja. Akawapa kuku pumba. Akanywa chai kwa ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, iliyobaki jana. Halafu alifunga simu yake kwenye pindo la khanga, akachukua mkasi na tepu ya kupimia, akaenda chuoni.

Ndiyo, chuoni. Alikuwa na miaka arobaini na nne na mjukuu mmoja. Utotoni aliishia darasa la nne, kwa sababu mama yake aliugua na wadogo zake walihitaji mlezi. Mwaka 2008 chuo cha wananchi kilitangaza mafunzo ya ushonaji kwa watu wazima, wanaume kwa wanawake. Subira alikuwa wa tatu kuandikisha jina. Alitaka cheti chenye jina lake. Maisha yake yote hakuwa na karatasi yenye jina lake, isipokuwa kadi ya kliniki.

Mlangoni mwa darasa kulikuwa na kapu kubwa la ukindu. Kila mwanafunzi alizima simu yake na kuitia humo kabla ya kuingia. Chanzo cha kapu lile kilikuwa mwanafunzi mwenzao, Mzee Nassoro, tena bila kukusudia. Siku moja, katikati ya somo, simu ya mzee huyo iliita kwa mlio wa taarabu. Mzee aliipokea. Aliuliza kama salfa ya kupulizia mikorosho imefika. Aliuliza ni mifuko mingapi. Aliuliza afya ya watu sita, mmoja mmoja kwa jina. Mwalimu Stefano alisimama na chaki mkononi mpaka mzee akamaliza. Kesho yake kapu likaonekana mlangoni.

Mwalimu Stefano alikuwa kijana wa Njombe, mwaka wake wa kwanza pwani. Alifundisha vizuri. Ila alikuwa na haraka ya kijana, akidhani kwamba mtu asiyesema hana la kusema.

Siku hiyo aliandika ubaoni: "Sketi ina kiuno cha sentimita 72. Unaikata vipande vinne sawa. Kila upande wa kipande unaacha sentimita mbili za mshono. Upana wa kipande kimoja kiunoni ni ngapi?"

"Mama Subira," alisema. "Tusaidie."

Subira alilijua jibu. Alilijua hata kabla mwalimu hajamaliza kuandika. Lakini aliinamisha kichwa akaangalia mkasi wake.

"Mama Subira?"

"Haya, Jafari wa nyuma. Jibu."

Jafari naye akaangalia chini. Kuna aliyekohoa. Mwishowe mwalimu alieleza mwenyewe, haraka haraka, akauliza, "Mmeelewa?"

"Tumeelewa," darasa zima likajibu.

Neno hilo limefunika mengi katika madarasa yetu. Tutaliona mbele.

Sasa nikwambie kilichomziba Subira mdomo. Jafari alikuwa mkwe wake. Alimwoa binti yake, Ashura, miaka sita iliyopita. Katika familia zao, mama mkwe na mkwe wa kiume huheshimiana kwa kukaa mbalimbali. Hawali pamoja. Hawatazamani usoni. Wakiwa na la kuambiana, humtuma Ashura. Jafari akimwona Subira njiani, huacha njia na kupita majanini. Si ugomvi. Ni heshima, na kila mmoja alijivunia kwamba mwenzake anaijua.

Basi wote wawili waliandikisha majina chuoni, kila mtu kivyake. Jafari alikuwa kuli wa bandarini, na kazi ya bandarini huja na msimu wa korosho ikaondoka nao. Alitaka kazi ya mwaka mzima. Siku ya kwanza walikutana mlangoni, wakabaki wamesimama. Ashura aliposikia alicheka mpaka akakaa chini. Lakini hakuna aliyekubali kuwa chanzo cha mwenzake kuacha chuo. Wakabaki wote, bila kusema neno. Subira alikaa mbele kabisa. Jafari alikaa nyuma kabisa.

Ungesema, si wangemweleza mwalimu? Wangemwelezaje? Jambo la mkwe halitangazwi kwa mgeni. Na mwalimu angefanya nini, amfukuze mmoja?

Baada ya somo, Mwalimu Stefano alimwita Subira mezani.

"Mama, kazi zako za mkono ni nzuri," alisema. "Mishono yako imenyooka kuliko ya wote. Lakini unajua sheria ya chuo. Alama thelathini zinatokana na kujibu maswali darasani. Mwisho wa Julai, asiyefikisha kumi na tano anaondolewa."

"Mimi nina ngapi?"

"Huna hata moja."

Subira alikunja tepu yake taratibu.

"Huelewi ninachofundisha?" aliuliza mwalimu. "Niambie. Sitakasirika."

Subira alifungua mdomo. Dirishani aliona bega la Jafari. Alikuwa amesimama nje, akisubiri mama mkwe wake atoke kwanza ndipo naye aingie kuchukua vitambaa vyake.

"Naelewa, Mwalimu," alisema, akatoka.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu.

Jioni hiyo jirani yake Mariamu alikuja na sahani ya ming'oko ya moto. Mariamu alikuwa muuguzi wa zahanati. Walikaa barazani wakimenya na kula. Simu ya Mariamu ilipiga kelele fupi. Akaisoma, akatabasamu, akabonyeza bonyeza, akairudisha mfukoni.

"Nani huyo?" Subira aliuliza.

"Mama mmoja. Ananiuliza jambo la uzazi."

"Si alikuja kliniki leo? Mbona hakukuuliza huko?"

"Dada, kliniki kuna foleni. Nyuma yake alikaa wifi yake. Ungeuliza wewe?"

Subira aliacha kumenya.

"Kwa hiyo anakuandikia?"

"Anaandika meseji. Hakuna anayesikia ila mimi. Mwanzo nilikuwa nawapa elimu wote pamoja, nauliza, 'Kuna swali?' Kimya. Nikadhani wameelewa. Siku niliyotoa namba yangu, nilipata maswali kumi na moja kabla ya adhuhuri. Mdomo una aibu zake, dada. Kidole hakina."

Subira aliichukua simu yake kwenye pindo la khanga. Ashura ndiye aliyemnunulia. Kwayo alijua mambo mawili tu: kupokea na kubipu. Ilikuwa kijivu, na vibonyezo vyake vilikuwa na alama ndogo ndogo alizokuwa akizidhania mapambo.

"Hebu nionyeshe," alisema.

"Tazama kibonyezo cha mbili. Juu yake kuna nini?"

Subira alisogeza simu kwenye mwanga. "A, B, C. Kumbe ni herufi."

"Zote zimo. Ukibonyeza mbili mara moja, unapata A. Mara mbili, B. Mara tatu, C."

"Na S ya Subira?"

"S iko kwenye saba. Hesabu. P, Q, R, S."

"Ya nne. Basi nabonyeza mara nne." Akabonyeza. S ikatokea kiooni. Subira alicheka peke yake. "Imekuja yenyewe."

"Haiji yenyewe. Umeileta."

Mwanzoni alikosea kila mara. Alitaka U akapata V. Mariamu alimwonyesha kibonyezo cha kufutia. Alimwonyesha kwamba akitaka namba yenyewe, anabonyeza na kushikilia. Subira alikuwa na maswali kuliko mtoto. Meseji inakwenda wapi? Mtu akizima simu, inapotea au inamsubiri? Nikikosea namba, anaisoma nani?

"Inamsubiri mpaka awashe," alisema Mariamu. "Na ukikosea namba, inasomwa na usiyemjua. Kwa hiyo angalia namba mara mbili kabla ya kutuma. Na jambo la siri sana usiliandike. Simu huazimwa, na huibwa."

Namba ya Mwalimu Stefano ilikuwa nyuma ya daftari. Aliwapa siku ya kwanza, kwa ajili ya kutoa taarifa ya ugonjwa. Subira aliandika kwa muda uliotosha Mariamu kumaliza ming'oko yote sahanini. Meseji ilikuwa hivi:

"Mwalimu ni Subira. Jibu la sketi ni 22. Kumi na nane na mbili huku na mbili huku. Nililijua. Mkwe wangu yumo darasani siwezi kusema mbele yake."

Akatazama namba mara mbili. Akatuma.

Mwalimu Stefano alikuwa akinyoosha shati kwa pasi ya mkaa. Alisoma meseji ile mara tatu. Jibu lilikuwa sahihi, tena na njia yake. Lakini mkwe ni nani? Akauliza kwa meseji. Jibu halikuja. Subira asingelitaja jina hilo hata kwa kidole.

Kesho yake mwalimu aliamua kutazama badala ya kuuliza. Alisimama mlangoni kama kawaida, karibu na kapu. Subira aliingia, akakaa mbele. Nje, Jafari alikuwa amefika mapema tu, lakini aliegemea ukuta. Alisubiri. Subira alipokwisha kukaa na kutulia, ndipo Jafari akaingia, akipita pembeni kabisa, uso ameugeuzia ukutani. Ilikuwa saa mbili na dakika tano.

Mwalimu aliangalia daftari la mahudhurio. Kila siku alikuwa ameandika mbele ya jina la Jafari: amechelewa. Amechelewa. Amechelewa. Aliona haya. Alichukua kifutio akaanza kufuta hapo hapo.

Halafu alilibeba kapu akaliweka mezani.

"Chukueni simu zenu," alisema.

Wanafunzi walitazamana.

"Tumefukuzwa?" aliuliza Mzee Nassoro.

"Hapana, mzee. Leo tunajifunza nazo. Masharti ni haya. Simu iwe kimya, isitoe mlio. Ikae mezani, uso juu, kila mtu aione. Mtu asipokee wala asicheze mchezo. Nikiuliza swali, kila mtu atajibu kwangu kwa simu. Nitaandika majibu ubaoni bila majina."

"Mimi sina vocha," alisema Mzee Nassoro.

"Tutabipu," alisema mwalimu, naye akajiona ameshapata dawa. "Turudi kwenye sketi ya jana. Anayesema kipande ni sentimita 18, abipu sasa."

Hapo mwalimu wetu aliteleza. Watu walibipu wote kwa mkupuo. Simu yake ilitetemeka mezani, ikatembea, ikaanguka. Wengine walisikia kwamba namba inatumika. Wawili walibipu kwa jibu wasilolitaka, kwa sababu wenzao walibipu. Darasa lilicheka kwa mara ya kwanza tangu muhula uanze, na mwalimu akacheka nalo.

"Basi kubipu hakufai," alisema, akiokota simu. "Mwenye vocha atume meseji. Asiye na vocha, au asiye na simu kabisa, aandike kwenye karatasi bila jina, akunje, atie ndani ya kapu. Kapu bado lina kazi."

Darasa likawa kimya, lakini kimya cha watu wanaofanya kazi. Vidole vilibonyeza. Karatasi zilikunjwa. Jafari aliandika pole pole, ulimi nje. Dakika tano baadaye mwalimu aliandika ubaoni: 18, watu wanne. 20, watu tisa. 22, watu sita.

Alisogea nyuma akaangalia.

"Jana niliwauliza kama mmeelewa," alisema. "Mlisemaje?"

Aliwahesabu kwa kidole, dawati kwa dawati.

"Mlisema tumeelewa, watu wote kumi na tisa. Kumbe walioelewa ni sita." Aliweka chaki chini. "Kosa si lenu. Nilifundisha mbio. Mwenye 20, sitaki jina lako. Niambie tu ulifikaje hapo."

Kwa kuwa hakuna aliyejulikana, hakuna aliyeogopa. Mzee Nassoro ndiye aliyejifichua mwenyewe.

"Mimi ni mmoja wa hao wa 20. Sabini na mbili kwa nne ni kumi na nane. Nikaongeza mbili za mshono. Kosa liko wapi?"

Mwalimu hakueleza. Alikata magazeti vipande vinne vya sentimita 20, akayaunganisha kwa pini, sentimita mbili kila upande. Akamwambia mzee avae juu ya suruali.

"Hii haifiki," alisema Mzee Nassoro, akivuta. "Imeniachia nafasi huku."

"Kwa nini?"

Mzee alitazama pini. Alihesabu kwa kidole. "Kwa sababu kipande kina pande mbili. Mshono umekula huku na huku. Mimi nililipia upande mmoja."

"Basi ongeza mbili huku na mbili huku," alisema mwalimu, na hakumtazama Subira. Subira naye aliangalia mkasi wake, lakini safari hii alikuwa anatabasamu.

Siku zilizofuata darasa lilibadilika. Mwalimu alianza kila somo kwa swali, akapokea majibu, ndipo akajua pa kuanzia. Mzee Nassoro alipokwenda shambani kupulizia salfa, mwalimu alimtumia swali kwa meseji, naye akajibu kutoka chini ya mikorosho yake. Si kwamba mambo yote yalinyooka. Siku moja mtu alikutwa anacheza mchezo wa nyoka simuni, na simu yake ikarudi kapuni wiki nzima. Siku nyingine chaji ziliisha kwa watu saba, na karatasi zikaokoa jahazi.

Lakini jambo kubwa lilikuwa bado. Mwisho wa Julai mwalimu alipeleka daftari la alama kwa mkuu wa chuo, Bi Amina. Subira alikuwa na alama ishirini na sita, na Jafari naye alikuwa amevuka kumi na tano.

Bi Amina alivaa miwani, akaweka kidole kwenye jina la Subira. "Mwezi uliopita huyu alikuwa na sifuri."

"Ndiyo. Sasa anajibu kwa simu."

"Sheria inasema kujibu darasani, Mwalimu."

"Anajibu akiwa darasani, Bi Amina. Sheria haikusema kwa mdomo."

"Nitajuaje kwamba jibu ni lake? Meseji inaweza kuandikwa na mtu mwingine."

Ilikuwa hoja ya kweli, na mwalimu hakuipuuza. "Njoo uulize wewe," alisema. "Swali ambalo hata mimi silijui."

Bi Amina alikuja siku hiyo hiyo. Mwalimu aliwaambia wanafunzi ukweli: leo mkuu atapima kama majibu yao ya simu ni halali, na baadhi yao wanaweza kuondoka. Subira alijua ni yupi huyo wa kuondoka. Alijifuta mikono kwenye khanga, akaiweka simu mezani, uso juu.

"Nina kitambaa cha mita tatu," alisema Bi Amina. "Kaptula moja ya mtoto inakula sentimita 65. Nitapata kaptula ngapi, na nifanye nini na kitakachobaki?"

Akatembea katikati ya madawati, akitazama vidole. Alisimama karibu na Subira. Alimwona akiandika, akifuta, akiandika tena. Hakuna aliyemsaidia. Simu ya mwalimu ilitetemeka. Alimpa Bi Amina asome mwenyewe.

Meseji ilisema: "Kaptula 4. Zinabaki sm 40. Usitupe kata mifuko ya nyuma. Watoto hupenda mifuko."

Bi Amina aliisoma tena. Yeye mwenyewe hakuwa na jibu la sehemu ile ya pili. Aliuliza kwa kujaribu tu.

"Alama zinabaki," alisema. "Na jambo hili liandikwe kwenye sheria."

Alipotoka, Subira alifunika uso kwa khanga, akalia kidogo. Alikuwa na furaha, na hakujali nani anaona.

Mtihani wa mwisho ulikuwa Novemba, kushona suruali. Wiki moja kabla, wanafunzi walifanya mazoezi. Subira aliweza kila kitu isipokuwa mfuko wa pembeni. Aliushona mara tatu. Mara tatu ulijikunja na mdomo ukapinda. Mwalimu alikuwa ameitwa ofisini. Subira aliufumua mara ya tatu, na uzi ukakatika.

Simu yake mezani ilitetemeka. Namba hakuijua. Akafungua.

"Mama shikamoo. Mfuko usiugeuze kwanza. Kata kidogo kitambaa kwenye kona, usiguse mshono, ndipo ugeuze na upige pasi. Ni mimi Jafari."

Subira hakugeuka nyuma. Aliushona upya, akakata kona kidogo, pole pole, bila kuufikia mshono. Akageuza. Akapiga pasi. Mfuko ukalala bapa, umenyooka.

Alichukua simu. S iko wapi hakuuliza tena. Aliandika: "Marahaba mwanangu. Mfuko umekaa vizuri. Ahsante."

Nyuma kabisa ya darasa, mtu alishusha pumzi.

Wote wawili walifaulu. Cheti cha Subira kimetundikwa sebuleni, na jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa. Jafari bado huacha njia akimwona mama mkwe wake anakuja, na bado hawali pamoja. Lakini chereheni ya Subira ikigoma, yeye huandika, na Jafari hujibu.

Siku hizi simu ile ya kijivu husema kila mara kwamba nafasi imejaa, futa meseji. Subira hufuta za Ashura, za Mariamu, hata za Mwalimu Stefano. Hufika kwenye ile inayoanza na "Mama shikamoo", akaisoma, akairuka.